Likizo ya Kwenda Kushangaa Bujumbura

Miaka ile ya Zaïre, wazungu walikuwa wanapanda ndege toka kwao mpaka Bukavu kuja kuangalia ngagi, wale sokwe wakubwa wa msitu wa Kahuzi. Wakimkosa ngagi, walitupiga picha sisi. Mimi nimepigwa mara tatu: nikiwa na ndoo kichwani, nikiwa na mtoto mgongoni, na mara moja nikiwa nimefungua mdomo kumwambia mzee mmoja wa kizungu aniondokee. Huko Ulaya bila shaka niko kwenye ukuta wa mtu, mdomo wazi.

Ndipo bwana yangu, ambaye alikuwa anapiga mashine ya kuandika kwenye ofisi moja ya kahawa, akapata wazo lake. "Na sisi tuende kuangalia watu," akaniambia. "Tuende Bujumbura. Haiko kilio, haiko harusi, haiko biashara. Tuende kama ba touristes, kama bale bazungu."

Sikucheka. Nilikuwa na miaka thelathini na sita, na kila safari niliyowahi kufanya ilikuwa na maiti mbele yake. Nyangezi nilienda kumzika shangazi. Nyantende nilienda kuzika watu wawili kwa mwezi mmoja. Mji mkuu wa nchi yoyote sikuwa nimeuona, hata wetu wenyewe, maana Kinshasa ilitaka ndege, na ndege ilitaka uwe ndugu wa mtu fulani. Bujumbura ilikuwa karibu, safari ya gari ya siku moja. Niliitaka safari ile mpaka nikaona haya. Mara moja tu katika maisha yangu nifike mahali ambapo hakuna mtu ananingojea akilia.

Bwana yangu akaandika programu kwa mashine ya ofisi, nakala tatu: moja yake, moja yangu, moja ya kuweka kwenye dosiye, faili lake la nyumbani, iwapo serikali ingekuja kuiuliza. Siku ya kwanza, saa tatu, kuangalia soko. Saa tano, kuangalia ziwa. Sisi tunaoamka kila siku na ziwa Kivu dirishani. Saa tisa, kupumzika kwa sababu ya kuangalia. Akaazima kamera kwa binamu yake, akanunua kofia ya majani, kisha akaenda kwa fundi kushonewa kaptula, kwa maana alikuwa hajawahi kuona touriste mwenye suruali ndefu. Mtu mzima, mwenye suti mbili za abakosti na watoto wanne, akasimama mbele ya kioo na magoti yote mawili nje. Nilimwambia ni kweli macho hayana pazia, lakini magoti huwa nalo.

Jirani yetu, mama mmoja ambaye kazi yake ilikuwa kujua, aliniuliza tunaenda kumtembelea nani huko. Nikamwambia hatuna mtu, tunatembelea mji.

"Muji?" akasema. "Muji iko na mulango gani mutapiga hodi?"

Akaenda zake akiwa na hakika kwamba tuna shida kubwa tunayoificha.

Ikabaki ruhusa ya kazi. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mgeni kidogo pale, maana tulikuwa tumehama kutoka mtaa wa Kadutu mwaka uliotangulia. Nikaingia kwa directeur, mkuu wa shule, mtu mwenye adabu na miwani mizito.

"Citoyenne, motif ni nini? Sababu ya likizo?" akauliza, maana miaka ile sote tuliitana raia.

"Kutembea, citoyen directeur."

"Kwa nani?"

"Hakuna mutu. Ni kwa kuangalia."

Akageuka kusoma karatasi iliyobandikwa ukutani nyuma yake, akaisoma yote kwa kidole. "Likizo iko ya kuoa, iko ya kuzaa, iko ya kufiwa. Ya kuangalia haiko. Uko na mimba?"

"Hapana."

"Basi nani alikufa?"

Aliuliza kwa wema kabisa, kalamu tayari mkononi, mtu anayetafuta namna ya kunisaidia.

Nyumbani bwana yangu hakuona tatizo liko wapi. "Andika mama yako," akasema. "Haiko bongo, haiko uongo. Si alikufa? Hawakuuliza lini."

Sufuria ilikuwa karibu na mkono wangu, Mungu akamwokoa. Mama yangu alikuwa amekufa miaka minne nyuma, kule Kamituga, kwa kaka yangu aliyekuwa anachimba dhahabu. Mvua ilikuwa imekata barabara. Habari niliipata wiki tatu baadaye kutoka kwa dereva wa lori, ambaye alinipa huku anashusha ndizi. Shule niliyokuwa nafundisha wakati ule ilininyima likizo: siku tatu ni za mazishi, wakasema, na mazishi yameshapita. Siku ile nilifundisha hesabu mpaka kengele ya mwisho. Nilikuwa nimechelewa kufiwa, kwa hiyo nikahesabiwa sikufiwa.

Lakini Bujumbura niliitaka. Alhamisi nikaandika "kufiwa na mama", na directeur, aliyekuwa anakimbilia mkutano, akasaini bila kuinua kichwa. Siku tatu. Gari lilikuwa linaondoka Ijumaa saa nane mchana.

Kosa letu lilikuwa la watu wa ofisi. Tulidhani kifo kikiandikwa kwenye karatasi kitakaa kwenye karatasi, hapa Bukavu. Ijumaa saa sita, bwana yangu ameshatangulia kwenda kushika nafasi mbili za mbele, walimu wote wakafika nyumbani kwangu, directeur mbele, nyuma yake mikeka, makaa na kapu la maharage. Jirani ndiye aliyewafungulia mlango. "Nilijua," akawaambia. "Nilijua banaficha kitu."

Wakatoa viti nje, wakatandika mkeka, wakanikalisha. Mfuko wangu wa safari wakausukuma pembeni. Mmoja akasema kwa huruma kwamba nilikuwa nimeshafunga mizigo kwenda kuzika. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu haikuvuka hata mlango wa nyumba.

Wakaimba. Kisha directeur akaniomba nieleze ugonjwa, kwa maana kwetu hakuna kilio bila watu kuelezwa ugonjwa ulianza namna gani. Nikafungua mdomo nitunge mmoja. Haukuja. Nilikuwa na ugonjwa mmoja tu, ule wa kweli, na sikuwa nimewahi kuueleza kwa mtu. Nikaeleza tumbo lilivyomuuma, alivyokataa uji, alivyouliza kila jioni kama mimi nimefika, na kaka yangu akimjibu kwamba niko njiani, wakati sikuwa najua kitu. Nikaeleza kwamba siku nilipofika kule, kaburi lilikuwa limeshaota majani.

Kaburi la wiki hii limeota majani. Nilimwona directeur anahesabu. Kisha akavua miwani yake, akashuka kutoka kwenye kigoda, akakaa chini mkekani na sisi.

Hapo ndipo bwana yangu alipoingia, kofia ya majani kichwani, kamera kifuani, kaptula. Macho yote yakaenda kwenye magoti.

"Ni huzuni ilimupanda kichwa," jirani akawaeleza wageni, akachukua kitenge akamfunika magoti.

Bwana yangu akainama kwenye sikio langu. "Gari iko inangoja."

"Iende."

"Nilishika nafasi za mbele."

"Iende, nimekuambia."

Alinitazama usoni, akaelewa, akavua kofia na kukaa kando yangu. Walimu wakaanza tena kuimba. Kwa miaka minne hakuna mtu aliyekuwa ameniambia pole. Siku ile waliniambia wote, mmoja mmoja, wakinishika mkono. Zile siku tatu nilizosainiwa nilimlilia mama yangu.