Risaldar Alivyonifundisha Kushona Matandiko

Siku ya kwanza kuingia kazini nilivaa nguo yangu ya Idi, maana nilidhani naenda kushona sare za maofisa. Nilikuwa mjane wa watoto watatu, nimetoka Unguja na kufikia kwa shemeji yangu Samad Ash Shan, na kitu nilichokijua barabara kilikuwa cherehani tu. Nikasikia kikosi kidogo cha farasi, nje kidogo ya mji wa Ibra, Oman, kinatafuta mshoni. Karani akanipeleka kwenye chumba kilichojaa harufu ya ngozi, akaniacha mbele ya mzee wa Kihindi mwenye masharubu meupe.

Mzee huyo tulimwita Risaldar Sahib. Risaldar ni cheo walichopewa maofisa wenyeji katika majeshi ya farasi ya India, zama za Mwingereza. Alikuwa Mwislamu wa Dakani, kusini ya India, amestaafu kwao, akaja Oman kusimamia matandiko yetu. Mimi ushoni nilifunzwa na fundi wa Kihindi mjini Unguja, basi tukasemezana kwa Kihindi cha dukani kilichochanganyika na Kiarabu.

Aliniwekea tandiko kuukuu mezani. "Unaona nini, beti?" Beti, yaani binti.

"Naona ngozi imechanika hapa juu."

"Ligeuze."

Nikaligeuza. Chini mlikuwa na mito miwili iliyojazwa sufu, mmoja umevimba, mwingine umelala.

"Huko juu wanaangalia watu," akasema. "Farasi anapata tabu na huku chini. Utaanza huku."

Nikaanza huko. Nilijifunza kuchambua sufu mpaka isibaki donge, kupaka uzi nta, kutoboa ngozi kwa msharasi, ile sindano nene ya washona viatu, bila ya kuipasua, na kuficha kila fundo ndani ya mshono. Cherehani yangu nikaisahau. Mshono wa tandiko ni wa mkono, na Risaldar akiona umekwenda upande aliufumua wote, akanirudishia.

Saa ya chai alikuwa akitusimulia jeshi lake. Babu yake, wakati ule, aliingia jeshini na farasi wake mwenyewe na tandiko lake mwenyewe, kwa kuwa ndio ulikuwa mtindo: askari huleta farasi, serikali humpa bunduki. Baba yake akafuata, na yeye akafuata. Kisha ikaja amri kuwa farasi wamekwisha kazi, jeshi linapewa magari ya deraya. Wakapangwa uwanjani, kila mtu akavua tandiko, akaliweka chini, akakabidhi hatamu.

"Jike langu alinifuata," alituambia. "Wakamvuta, akawa anageuka. Sikumtazama tena, kwa sababu tuliamriwa tutazame mbele."

Baadaye nchi ikagawika, na jeshi likagawiwa pamoja nayo, watu waliokula sahani moja wakaenda huku na huku. Lakini hayo aliyapitia kwa haraka. Alilolirudia ni lile la uwanjani.

Mwaka wangu wa tatu tuliitwa Nizwa kwa gwaride mbele ya ngome. Mudir wetu, yaani mkuu wa kikosi, Mwarabu wa Ibra aliyezoea kutiiwa, ndiye angetangulia, juu ya dume jeupe aitwaye Shihabu. Tandiko lake nililijaza upya mimi siku mbili kabla. Siku hiyo mwanangu Salim alikuwa na homa, nami nilikuwa na haraka ya kurudi nyumbani.

Asubuhi ya gwaride mchungaji wa farasi alimvua Shihabu tandiko baada ya kumtembeza, tukaona uvimbe wa kiasi cha tende mgongoni. "Gari hiyo," akasema mchungaji. "Kutoka Ibra mpaka hapa anagongagonga tu."

Nikapitisha mkono chini ya tandiko. Lilikuwepo fundo, limeachwa nje ya mshono, na uzi ni wangu. Mchungaji ameshanipa pa kujificha. Nilifikiria mshahara, nilifikiria watoto. Kisha nikamwendea mzee.

"Risaldar Sahib, si gari. Ni mimi."

Akalipapasa lile fundo. "Mudir yupo pale. Mwambie wewe. Mimi nitasimama nyuma yako."

Mudir alinisikiliza huku akivaa glavu zake. "Kwani Umm Salim, hakuna tandiko jingine?"

"Yapo, sheikh, lakini mgongo ni huo huo. Lolote litamuumiza."

"Unaniambia nisimpande farasi wangu, na liwali ameshakaa?"

"Ndiyo, sheikh. Na kosa ni langu."

Hapo mzee akasema taratibu, "Katika jeshi letu, bwana, farasi akivimba mgongo, aliyempanda hushuka akaenda kwa miguu na kumwongoza, awe askari, awe ofisa. Mimi nilikwenda hivyo siku tatu, nikila vumbi la wenzangu."

"Ulikuwa na cheo gani?"

"Nilikuwa ndiyo kwanza nimepandishwa."

Mudir alimwendea Shihabu. Akavua glavu, akashika hatamu, akaenda kwa miguu mbele ya wapanda farasi wote. Watu wakadhani ndiyo heshima mpya ya gwaride, wakashangilia.

Aliporudi aliniambia, "Utafumua matandiko yote ya banda, moja moja." Nikafumua. Nilikuta mafundo mengine mawili, yote yangu.

Sikufukuzwa. Risaldar aliporudi kwao nilipewa chumba kile, nikakishika mpaka nilipostaafu. Mudir wa pili na wa tatu walinikuta hapo. Barua moja ilitoka Dakani, nikasomewa na fundi wa Kihindi wa soko la Ibra: mzee ni mzima, ila macho. Kisha ikaja nyingine, kwa mkono wa mwanawe, ya kutuarifu msiba.

Sasa nakaa na Salim, na vidole havikunjiki vizuri. Juzi mjukuu wangu aliniuliza kama nilikuwa nikipanda farasi. Nikamwambia sijapanda hata siku moja, na kwamba miaka yote ile nilikuwa nikiwaogopa. Sikupata kumwambia mtu. Lakini kila asubuhi nilipoingia bandani kukagua migongo, Risaldar alikuwa ameshatangulia, amesimama penye kichwa cha farasi, ameshika hatamu, ananisubiri nimalize. Nilidhani ndiyo kawaida ya kazi. Hata alipoondoka, asubuhi ya mwanzo nikaingia bandani, nikakuta farasi yupo na hakuna aliyemshika, ndipo nikajua kuwa alikuwa akijua.