Maige na Klachi ya Mama Mwamvua

Tangu arudi kutoka vita vya Burma, Maige hakuwahi kumaliza mwaka mahali pamoja. Ufundi wa magari aliupata jeshini, na kazi hakukosa. Alishika kazi kwenye kinu cha pamba Shinyanga, akaacha. Akaenda kutengeneza malori ya wakandarasi wa barabara, akaacha. Mkewe Scolastika, aliyebaki Tinde na ng'ombe wao, alizoea kusikia kwa wapita njia mumewe yuko wapi.

Mwaka 1952 alikuwa Kagongwa, kwa mjane mmoja mfanyabiashara wa mchele aliyeitwa Mwanaima, mzaliwa wa Tabora. Watu walimwita Mama Mwamvua, kwa jina la bintiye. Marehemu mumewe alimwachia pikapu kuukuu iliyokaa miaka mitatu bandani kwa sababu klachi ilikwisha. Mwanaima alitaka ifufuke, apeleke mchele Geita kwa wachimba dhahabu.

Maige aliteremsha gia boksi, akakuta sahani ya klachi imelika mpaka misumari yake ya ribiti inakwangua chuma. Akapata sahani nzima kwenye lori bovu, akaigongea bitana mpya ya kushikia. Akachonga mti wa kuishikilia katikati, ili shafti ya gia ipite bila kupinda. Kazi ilikwenda vizuri hadi asubuhi ya Alhamisi, dereva mmoja alipopita akisema mgodini Geita wanaandika mafundi, na mwisho ni Jumamosi.

Kuanzia hapo Maige hakutulia. Alifunga bolti macho yakiwa barabarani. Akapandisha gia boksi, akafunga kila kitu, na saa nane mchana akapiga hendeli. Injini ikaitika. Mwanaima akapiga kigelegele.

Maige akaingia ndani ya gari, akakanyaga klachi mpaka chini, akasukuma gia. Ikalia kama jiwe kwenye kinu. Akasukuma kwa nguvu zaidi. Gia ikaingia, na gari likaruka mbele ilhali mguu wake bado umekanyaga. Likaangusha ukuta wa jiko, injini ikazimika.

Mwamvua alikuwa ametoka jikoni muda ule ule kufuata maji. Alisimama na ndoo yake mkononi, akitazama mafiga yaliyofukiwa na udongo.

Maige akashuka. Kisha akaanza kukusanya spana.

"Naenda Isaka kutafuta kifaa, Mama Mwamvua."

"Kifaa gani kinachofuatwa na mkoba wa nguo?"

Akautupa mkoba begani. Akatembea kwa miguu mpaka stesheni ya Isaka, akafika jua likizama. Treni ilikuwa ya kesho yake. Alikaa kwenye benchi, akainuka, akakaa tena. Mikono yake ikaanza yenyewe kurudia kazi hewani: sahani, mti, bolti. Na alipoirudia sahani, mikono ikasita. Kitovu cha sahani kina upande mrefu na upande mfupi. Ule mrefu hutazama gia. Yeye aliutazamisha injini, kwa hiyo sahani haikupata nafasi ya kuachia.

Akajisikia vibaya kuliko alipovunja ukuta. Si kwamba hakujua. Alijua, ila hakuangalia.

Kesho yake treni ilipopiga honi, Maige alikuwa barabarani anarudi Kagongwa. Alimkuta Mwanaima na bintiye wanakandika ukuta.

"Umekipata kifaa?" Mwanaima aliuliza bila kugeuka.

"Hakikukosekana kifaa, mayu," akasema, akimwita mama kwa Kisukuma. "Niliigeuza sahani. Kosa ni langu."

Mwanaima akafuta udongo mikononi. "Mwanangu angekuwa ndani mle."

"Najua."

"Basi fungua. Safari hii nitakaa hapa nione."

Akakaa kweli, juu ya gunia. Kila Maige alipoinua macho kutazama barabara, mama yule alikohoa. Maige akateremsha gia boksi upya, akageuza sahani, akamwonyesha kitovu kabla ya kuifunika. Bolti akazikaza kidogo kidogo, moja na ya mkabala wake. Jumamosi ilifika bado anafunga. Miguu ilimwasha, lakini hakuondoka.

Jioni hiyo Mwanaima alipanda kitini, akakanyaga klachi, na Maige, akiwa mvunguni, akazungusha shafti kwa mkono. Ikazunguka peke yake, nyepesi, bila kuvuta injini.

"Achia, mama!" Ikashika.

Akacheka mvunguni mle mpaka vumbi likamwingia kinywani.

Jumatatu walipakia magunia kuelekea Geita, Maige akiendesha. Walipofika, Mwanaima akamwambia kama anataka kwenda mgodini kuuliza kazi, aende. Yeye atamngoja sokoni. Maige alikwenda mpaka getini, akakuta siku za kuandika mafundi zimeongezwa, akasimama kidogo na wale waliopanga foleni. Kisha akarudi kushusha mchele.