Juma Nililomwacha Mama Peke Yake

Sisi tuliokulia kwenye zile apatimenti za Vickery Meadow, Dallas, miaka ya elfu mbili, tunazikumbuka likizo za kiangazi kwa miguu yetu. Lami ya maegesho ilipata moto mpaka ikanata kwenye kandambili, na bado tulicheza mpira palepale tangu asubuhi, Wakongo, Wasomali na Waburma, kila mtu akipiga kelele kwa lugha yake. Saa sita tulikimbilia maziwa na sandwichi za bure, zilizogawiwa shuleni hata wakati wa likizo, na jioni tukafakamia bukari, ugali wa kwetu, na sombe ya majani ya muhogo kana kwamba hatujala tangu jana. Mtoto wa leo intaneti ikikatika dakika kumi anaona ameonewa.

Lakini tulikuwa na kazi ambayo watoto wa leo hawaijui: tuliwasemea wazazi wetu. Mimi nilikuwa na miaka kumi, na nyumbani tulikuwa wawili tu, mimi na mama, tuliotoka Kongo. Simu ikilia, aliisogeza kwangu. Barua ikija, niliisoma mimi. Kliniki, mimi ndiye niliyemweleza daktari mama anaumwa wapi, mengine nikiyasema huku nimeinama kwa aibu.

Mwaka huo kanisa moja likajitolea kuwapeleka watoto wa mtaa wetu kambi ya kiangazi, juma zima, kando ya ziwa mashariki ya Texas. Wenzangu waliruka kwa furaha. Mimi niliikunja fomu nikaificha chini ya godoro, na Jumamosi mama akaiona alipokuwa anatandika. Kusoma hakujua, lakini ile picha ya watoto ndani ya mtumbwi aliielewa vizuri.

"Juu ya nini ulificha hii karatasi?"

Nikaangua kilio. "Nani atakujibia simu, mama? Ukiugua utasema nini?"

Nilidhani atanikumbatia. Badala yake alikasirika. "Mi niko mutu mukubwa! Nilikuvusha mipaka ya inchi mbili mugongoni. Nitashindwa na telefone?"

Basi tukaanza maandalizi. Orodha ya kambi ilitaka tochi, taulo, mfuko wa kulalia na mafuta ya kuzuia jua, ambayo mama aliyacheka mpaka akakaa chini. Vitu hivyo tulivipata kwa siku moja. Maandalizi yenyewe yalikuwa ya mama. Jumatatu alipiga simu ofisi ya apatimenti, maana sinki la jikoni lilikuwa linavuja. Nilikaa mbele yake. "Water come, come, no stop," alisema. Wa upande wa pili hakuelewa. Nikanyoosha mkono nichukue simu, mama akaupiga kofi dogo. Alirudia mara tatu, jasho likimtoka puani, na alasiri fundi akabisha hodi. Mama alimkaribisha soda kama mgeni wa harusi.

Alhamisi akasema anakwenda kliniki kwa basi, mimi nimfuate kwa nyuma, nisifungue mdomo. Tukapanda basi ambalo silo. Niliona kosa tangu kona ya kwanza, nikauma midomo. Majengo yakawa mageni. Mama alikuwa ameukumbatia mkoba wake kwa mikono miwili, na mimi viti vitatu nyuma yake nilitaka kupasuka. Hatimaye akainuka, akamwendea dereva, akamwonyesha kadi ya kliniki. Dereva alimweleza kwa vidole zaidi kuliko kwa maneno. Tulishuka, tukavuka barabara, tukangoja basi jingine juani karibu saa nzima. Kliniki tuliikuta imefungwa.

Mlangoni kwetu alivua viatu, akaegemea ukuta. "Umeona sasa? Nilipotea, na nimerudi. Enda."

Nikaenda kambi. Siku mbili za kwanza nililia. Ya tatu nilijifunza kuelea majini. Ya nne sikumkumbuka mama mpaka wakati wa chakula cha jioni, nikajiona mtoto mbaya.

Tuliporudishwa, nilimkuta kwenye maegesho ya kanisa, amevaa kitenge chake kizuri, anazungumza na mama mmoja wa kanisa. Nikakimbia nikasimama katikati yao, mahali pangu pa siku zote, nikaanza kutafsiri. Mama akaniwekea mkono begani. "Ngoja kwanza, mutoto. Tuko tunaongea."

Nilifurahi, kweli. Lakini nilibaki nimesimama pale sijui niiweke wapi mikono yangu.

Siku hizi naishi Alief, Houston, na mwanangu ndiye anayekwenda kambi. Wasiwasi wake wote ni kama kuna mahali pa kuchaji simu. Nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kiingereza. Mama naye, kule Dallas, Kiingereza chake kimenyooka. Jumapili humpigia mjukuu wake, wakacheka wee, mimi nikiwa jikoni. Sufuria ikichemka kwa kelele naipunguzia moto, nitege sikio, labda mmoja wao atakwama kwenye neno, aniite.

Hawakwami.