Makopo Mawili ya Hilla

Friza ya Taimi ilikuwa na sheria nyingi kuliko mahakama. Kila kopo liliandikwa mwaka juu ya kifuniko: matunda meusi ya msituni, matunda mekundu, na chini kabisa makopo mawili ya hilla, yale matunda ya manjano yanayoota kinamasini. Ya zamani yanaliwa kwanza, hilla zinangoja wageni. Ndivyo alivyofanya mama yake, na huko kaskazini ya Ufini hakuna mwanamke wa rika lake aliyefanya vingine.

Hilla zenyewe alizichuma mumewe, Veikko, kiangazi cha mwisho alichokuwa na miguu yake yote miwili. Miaka hamsini ya ndoa, na hata siku moja hakumwambia mkewe kinamasi chake kiko wapi. Wanaume wa kule ndivyo walivyo, wanazikwa na siri hiyo.

Kisukari kilimla vidole vya mguu, kisha mguu. Nesi akapiga marufuku aiskrimu za dukani, na Veikko, mtu mzima wa miaka sabini na tisa, akanuna wiki nzima kama mtoto. Taimi akaamua kumtengenezea yake nyumbani, ya matunda, bila sukari. Ya kwanza ilitoka ngumu kama tofali. Veikko akaigonga kwa kijiko.

"Mama Outi, hii ni ya kula au ya kujengea sauna?"

Taimi hakukata tamaa. Akajifunza kugandisha nusu ndizi iliyoiva, kuisaga pamoja na matunda meusi na mtindi, kisha kuikoroga kwa uma kila nusu saa ili isishikane. Ikawa laini. Kila mchana Veikko alikaa dirishani na bakuli lake, midomo ikimgeuka zambarau, naye Taimi alimtazama akafurahi mno.

Mwezi wa tatu moyo wa mzee ukachoka. Daktari alimrudisha nyumbani, akasema hakuna la kufanya zaidi. Chakula kilimshinda kabisa, isipokuwa ile aiskrimu. Siku moja akamwambia mkewe:

"Leo nifanyie ya hilla."

"Hilla ni za sikukuu ya kiangazi, Outi akija na watoto. Bado nina matunda meusi ya mwaka juzi."

"Basi nihesabu mimi mgeni."

"Mgeni gani anashinda na pajama kutwa?"

Veikko akacheka, akala meusi. Wiki iliyofuata aliuliza tu kama hilla bado zipo. Taimi akamwambia zipo, asiwe na wasiwasi. Akajibu haya, akageukia dirishani.

Alifariki mwezi wa tano, theluji ikiwa bado nyuma ya sauna.

Siku ya mazishi walikuja watu thelathini. Kahawa ilikuwa tele, keki tele. Binti yao Outi alifungua friza, akamwuliza mama yake kama hilla si za wageni, na wageni si hawa. Taimi akaitikia kwa kichwa. Sheria ilikuwa yake mwenyewe. Akachuja mbegu, akasaga na ndizi na mtindi, akakoroga kwa uma kila nusu saa, huku watu wakiongea sebuleni. Mikono ilijua kazi, moyo ulikuwa unamwuma vibaya.

Wakala, wakasifu. Jirani yao Raili akaomba kuelezwa namna ya kutengeneza, akarudia mara mbili. Bakuli moja Taimi aliliweka dirishani, mbele ya kiti kitupu.

"Hilo la nani, mama?"

"La baba yako. Aliniomba, nikamnyima."

Outi akamshika bega, akasema baba hakuwa mtu wa kinyongo, na kwamba kiangazi wataenda wote kuchuma nyingine.

"Wapi?" Taimi akauliza.

Outi akakitazama kile kiti kitupu. Raili akaja kuomba kahawa, Taimi akamimina. Wageni walipoondoka, aliosha makopo yote mawili, akayarudisha frizani matupu, vifuniko vikiwa na mwaka ule ule. Kisha akaketi kwenye kiti cha Veikko, akala ile ya bakulini, ambayo ilikuwa imekwisha kuyeyuka.