Nilivyosema "in" mpira uliotoka nje, mbele ya meneja wa tumbaku

Wakuu, heshima kwenu. Hiki ninachosimulia kilinikuta mwenyewe, sijapamba. Anayetaka kucheka acheke, nimeshazoea.

Ilikuwa Songea, miaka ya tisini. Mashirika yanauzwa, watu wanapunguzwa kazi.

Mimi nilikuwa mteuzi wa tumbaku. Yaani mkulima akileta robota lake, nalifungua, naangalia jani, natamka daraja, na daraja ndilo bei. Nikishatamka, msimu wake mzima umeishia hapo.

Tulikuwa wateuzi wawili. Zikaja habari kwamba atabaki mmoja, orodha inatoka Jumatatu.

Jamani, ile hofu acheni. Ugali haushuki. Gari la ofisi likipita tu karibu na nyumba pale Ruhuwiko, nachungulia dirishani.

Jumamosi meneja mpya, mtu wa makamo, mpole wa kuongea, akaniita. "Nasikia unacheza tenisi. Njoo kesho baada ya misa."

Kucheza nilikuwa najua, nilijifunza seminari kabla sijakimbia upadri (hiyo stori nyingine).

Mke wangu, Mama Nestori, aliposikia akakaa chini kabisa. "Baba Nestori, mwache ashinde. Ukimwaibisha mkubwa mbele za watu, tunarudi kijijini Lusewa kushika jembe."

Nikaona mwanamke ana akili.

Sasa kwa wasioujua mchezo: mechi za kirafiki hazina refa. Mpira ukidondoka upande wako, wewe ndiye unayesema in (umo ndani) au out (umetoka), na mwenzako anakuamini.

Meneja alikuwa mbovu, nisimfiche. Mpira unatoka waziwazi, mimi nasema "in, mzee". Mipira yangu ya kuanzisha (serve) naigongesha kwenye neti makusudi. Baadaye hata makusudi hayakuhitajika, ilienda netini yenyewe.

Seti ya kwanza akanifunga sita bila.

Seti ya pili akapiga mmoja ukaenda nje hatua nzima. Nikasema in.

Akaweka raketi chini. Akazunguka neti akaja upande wangu. Kiwanja kilikuwa cha udongo mwekundu, mpira unaacha alama. Akachuchumaa, akaiangalia. Mimi nimesimama pembeni yake.

"Hii ni in?"

"Samahani mzee, niliona vibaya."

"Hukuona vibaya." Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. "Na kule kwenye tumbaku, mkubwa akisimama nyuma yako, unatamka daraja unaloliona wewe au analolitaka yeye?"

Wakuu, nilitaka kujibu. Ila akanijia akilini mzee mmoja wa Lusewa, msimu ule ule. Jani lake lilikuwa safi, la juu kabisa. Bosi wangu wa zamani alikuwa nyuma yangu, akakohoa tu, nikaelewa anataka lishuke. Nikalishusha madaraja mawili.

Yule mzee hakubisha. Alisema ahsante mwanangu, akakunja magunia yake, akaondoka.

Meneja akarudi upande wake, akasema tumalizie. Tukamaliza, mechi yenyewe siikumbuki iliishaje.

Jumatatu jina langu halikuwepo kwenye orodha ya wanaobaki. Aliyebaki ni mwenzangu, ambaye raketi hajawahi hata kuishika.

Nilimkasirikia Mama Nestori wiki nzima, kwa uonevu tu. Ushauri ulikuwa wake lakini mdomo uliosema in ulikuwa wangu, na ulikuwa umeshajizoesha kazini.

Somo nililopata ni hilo. Uoga ukishaulea kwenye kazi, unakufuata mpaka kwenye mchezo wa Jumapili.

Tulirudi Lusewa, nikalima tumbaku misimu sita. Kila siku ya soko nasimama pembeni ya robota langu, jasho linanitoka, nikisubiri mteuzi atamke. Simwangalii yeye. Namwangalia aliyesimama nyuma yake.

Haya wakuu, uwanja wenu. Nani hapa amewahi kukoholewa kazini, na alifanyaje?