Mlango wa Upande wa Maji

Wengi huingia Mombasa wasijue wameingia kisiwani. Wanapita daraja la Makupa wamejiziba pua kwa moshi wa jaa la Kibarani, maji yako huku na huku, wao wanauliza mjini ni wapi. Mimi pia niliingia hivyo, na shule niliacha nikiwa mdogo. Lakini kisiwa hiki nilikisoma kwa mabega, nikiwa kuli wa bandari ya zamani, na miaka ya tisini ilinikuta mtaa wa Majengo na mikokoteni yangu mwenyewe. Mzigo ukiwashinda wengine, naitwa mimi.

Ndipo bibi mmoja wa Mji wa Kale akaniita. Mwanawe alikuwa anaoa, na kitanda cha samadari, kile cha nguzo nne ndefu, cha marehemu mama yake bibi, kilikuwa kwa dadake mtaani Tudor. Kila bi harusi wa nyumba ile huanzia kwenye kitanda hicho, na hakifunguliwi vipande: fundi alikiunga kwa vigingi vitupu bila misumari, na marehemu alikataza kisiguswe na nyundo. Alasiri hiyo wanawake wa upande wa bi harusi wangekuja kukitandika.

"Mwanangu, wakikuta chumba kitupu, uso nitauweka wapi?"

"Kitafika, mamangu. Si umeniita mimi?"

Asubuhi hiyo mimi na vijana wangu tulikisukuma kwa mkokoteni hadi kona ya mwisho ya kichochoro, mlango wa bibi tukiuona. Kikakwama. Nguzo hii ukutani, nguzo ile kwenye baraza. Mchukuzi mwenzangu, hasimu yangu wa siku zote, alikuwa ameketi pale na kahawa yake.

"Haya bingwa! Bomoa nyumba za watu basi, upite!"

Watu wakaangua kicheko. Bibi alikuwa dirishani, hakucheka.

Mimi kitanda sikukitazama tena. Nilikifikiria kisiwa. Nyumba ile uso wake ni kichochoro, lakini mgongo wake ni bahari, na enzi za ukuli nilikuwa nikiuona kutoka majini mlango mpana wa kupokelea shehena, umegongomelewa mbao. Na maji ya Tudor, yakianza kutoka, hupita chini ya daraja la Nyali yakateremka mpaka hapo hapo.

"Mamangu, ng'oeni mbao za mlango wa nyuma."

"Ule? Haujafunguliwa tangu niolewe!"

"Leo utafunguliwa."

Nikarudisha kitanda pwani ya Tudor, nikakodi mashua, nikakivika mablanketi. Maji yalikuwa yamejaa pomoni. Tungechelewa kidogo, yangeshuka, tubaki kuutazama mlango juu ya vichwa vyetu. Hatukuchelewa. Tulifika ukutani maji yakilamba kizingiti, tukakiingiza kizima kama kilivyotoka kwa fundi.

Wanawake walikuja na mashuka na asumini zao, wakakuta kimesimama, nguzo hazina mkwaruzo.

Nilipotokea mbele, hasimu yangu bado yupo.

"We mchukuzi au nahodha?"

Bibi akamjibu kutoka dirishani: "Huyu ni wetu. Mpisheni, pilau yake iko ndani."

Nikaingia.