Mbuzi Aliyerudi Siku ya Arobaini

Tulikuwepo wazazi wa marehemu, bibi yake, jirani mmoja na mimi, mwanangu mgongoni. Ilikuwa arobaini ya mtoto aliyefariki kwa saratani ya taya. Mama yake aliomba watu wasilete vya pilau, walete vya kuuza, fedha ziwasaidie madaktari wanaotafuta dawa ya saratani ya watoto.

Mara akaingia mganga aliyemchanja mtoto yule shavuni, akivuta mbuzi.

"Umefuata nini tena, weye?" bibi akafoka.

"Mbuzi mliyenilipa huyu, dada yangu. Nilisema jini, kumbe maradhi. Wapeni hao wanaotafuta dawa."

Mama wa marehemu akaipokea kamba kwa mikono miwili. Mimi ningemrushia kandambili.

Wiki iliyofuata, mganga alimpeleka hospitali mjukuu wake aliyeanza kuvimba shavu.